Nani Anahesabu Vitanda? Mwanafunzi wa Uzamili na Majira Yake ya Joto Hospitalini

Usiku mmoja wa Oktoba 1919, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, viongozi wa chama cha madaktari wapasuaji cha Marekani walichukua orodha yao wakaitia kwenye tanuri la hoteli. Ilikuwa orodha ya hospitali. Wakaguzi wa chama walikuwa wamezikagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi, wakiuliza mambo ambayo leo mtu angeona haya hata kuyauliza. Je, kila mgonjwa ana faili? Je, madaktari hukutana kujadili waliokufa? Je, kuna maabara na mashine ya eksirei? Zilizofaulu zilikuwa 89. Miongoni mwa zilizofeli zilikuwamo zenye majina makubwa, na waandishi wa habari hawakuwa mbali. Idadi ilitangazwa, majina yakateketea.

Kisa hicho kinafaa kutangulia makala inayomhusu mwanafunzi wa uzamili wa uendeshaji wa hospitali na mafunzo yake ya vitendo, kwa sababu kinaonyesha pengo ambalo taaluma yake ilikuja kuliziba. Hospitali zile 603 zilizoanguka hazikukosa wapasuaji hodari. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuuliza faili liko wapi.

Kwa miaka mingi hospitali ya Marekani iliongozwa na yeyote aliyepatikana: mtawa, muuguzi mwandamizi, daktari aliyechoka na zamu za usiku, mfanyabiashara mstaafu mwenye marafiki kwenye bodi. Mwaka 1933 wakuu wa hospitali waliunda chama chao cha kitaaluma mjini Chicago. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha masomo ya uzamili ya uendeshaji wa hospitali, na aliyeyaasisi, Michael Davis, hakuwa daktari. Alikuwa msomi wa sosholojia aliyezama katika uchumi wa tiba. Baada ya vita, Sheria ya Hill-Burton ya 1946 ikamwaga fedha za serikali kuu katika ujenzi wa hospitali, na majengo mapya yakataka watu wa kuyaendesha. Vyuo vikaongezeka. Mtindo ulioenea ulikuwa mwaka mmoja darasani, kisha mwaka mwingine hospitalini, mwanafunzi akimfuata mkuu wa hospitali kila aendako.

Mwaka huo wa pili ulipungua taratibu. Masomo ya fedha, sheria na takwimu yalijaza ratiba, na katika vyuo vingi kilichobaki ni majira ya joto kati ya mwaka wa kwanza na wa pili: wiki 10 hivi, pengine 12, Juni hadi Agosti. Katika muda huo mtu anatarajiwa kuielewa taasisi yenye maelfu ya wafanyakazi. Haiwezekani, na walimu wake wanajua. Linalowezekana ni kukifuata kitu kimoja tangu kinapoanza mpaka kinapoishia, na atakayeondoka na hicho kimoja amepata zaidi ya yule aliyehudhuria vikao vyote.

Wiki ya kwanza karibu yote huishia milangoni. Kitambulisho chenye picha, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha chanjo, nywila ya kompyuta isiyokubali mpaka Alhamisi. Halafu somo la siri za mgonjwa chini ya sheria ya HIPAA ya 1996, ambalo mwanafunzi hulisikiliza kwa nusu sikio hadi anapoambiwa kwamba mfumo wa kumbukumbu unaandika jina la kila anayefungua faili, saa na dakika. Akichungulia faili la jirani yake, au la mchezaji maarufu aliyelazwa jana, ataitwa ajieleze. Wapo waajiriwa wa miaka mingi waliofukuzwa kwa udadisi wa namna hiyo.

Kisha anaonyeshwa meza yake, na hatari inaanzia hapo. Meza hiyo mara nyingi iko jengo la pili, ghorofa ya juu, penye zulia, kiyoyozi na mashine ya kahawa. Anakabidhiwa mradi: kwa nini upasuaji wa kwanza wa siku unachelewa kuanza, kwa nini wagonjwa wa kliniki wanaopangiwa tarehe hawaji, kwa nini glovu zinaisha wodi moja wakati wodi ya pili zimejaa kabatini. Anapewa takwimu za miezi kumi na miwili kwenye jedwali la kompyuta. Mtu anaweza kumaliza majira yote ya joto pale pale akitengeneza slaidi nzuri kuhusu wodi ambayo hajawahi hata kunusa dawa zake, na akasifiwa.

Chukua mradi mmoja ambao hospitali kubwa hupenda kuwapa wanafunzi: kwa nini mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi anaondoka jioni? Tuseme saa tatu asubuhi daktari ameandika kwamba bibi wa kitanda namba 12 anaweza kwenda nyumbani. Kwenye jedwali inaonekana kwamba kitanda kimekuwa wazi saa kumi na moja. Mwanafunzi aliyebaki ghorofani ataona saa nane zimepotea, atapaka rangi nyekundu, atapendekeza mawasiliano yaboreshwe. Hakuna hospitali duniani ambayo haijawahi kupendekezewa kuboresha mawasiliano.

Aliyeshuka akasimama kando ya meza ya wauguzi anaona mengine. Muuguzi wa bibi ana wagonjwa watano, na mmoja wao ameanza kutapika. Mfamasia ameona dawa mbili za presha zinazofanya kazi ileile na hawezi kuendelea bila daktari, naye daktari ameshaingia chumba cha upasuaji. Mtungi wa oksijeni wa kwenda nao nyumbani unaletwa na kampuni ya nje, na kampuni inangoja kibali cha bima. Bima inataka kipimo cha oksijeni kilichochukuliwa bibi akitembea. Kilichomo kwenye faili kilichukuliwa akiwa ameketi. Kwa hiyo lazima atembezwe koridoni, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana nafasi saa nane mchana. Binti wa kumchukua anatoka kazini saa tisa na nusu. Bibi anapokuwa tayari, amevaa, mkoba mapajani, mhudumu wa kusukuma kiti cha magurudumu ameitwa upande mwingine wa jengo. Hatimaye chumba kinabaki kitupu, lakini hakijasafishwa, na wasafishaji wa mchana wanakabidhiana zamu na wa jioni muda uleule.

Wakati wote huo, chini katika idara ya dharura, watu wamelala kwenye machela koridoni. Kwa karatasi wamekwisha kulazwa. Wanachokosa ni kitanda. Sheria ya shirikisho ya 1986 inailazimu idara hiyo kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na bima au asiwe nayo, kwa hiyo mlango hauwezi kufungwa. Kitanda namba 12 kina mwenyewe anayekisubiri tangu alfajiri.

Mwanafunzi mwenye saa mkononi na karatasi akiwafuata hivyo wagonjwa thelathini, akaandika kila dakika na sababu yake, atakuwa na kitu ambacho mfumo wa kompyuta wa mamilioni ya dola hauna. Mfumo unajua lini. Haujui kwa nini. Pengine atagundua kwamba dawa ya nusu ya ucheleweshaji wa wagonjwa wa mapafu ni ndogo kiasi cha kuchekesha: watembezwe na kupimwa jana yake mchana. Pendekezo la namna hiyo halijazi slaidi moja, na linamhitaji mtaalamu wa viungo akubali kubadilisha ratiba yake. Hapo mwanafunzi anakutana na somo ambalo halikuwamo kwenye mtaala: mtaalamu yule hawajibiki kwa mkuu wa wodi, ana mkuu wake mwingine, na wakuu hao wawili hawajakutana tangu Pasaka.

Kwa nini saa nane za kitanda kimoja zimhangaishe mkurugenzi wa fedha? Jibu lina historia, na mmoja wa waliolitengeneza alikuwa muuguzi. John Thompson alisomea uuguzi katika hospitali ya Bellevue, New York, enzi ambazo wauguzi wanaume walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Akawa mtawala wa hospitali, kisha akaenda kufundisha utawala huo Chuo Kikuu cha Yale. Huko alishirikiana na Robert Fetter, mtaalamu wa uendeshaji wa viwanda, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wakatafuta namna ya kulinganisha hospitali na hospitali bila kulinganisha mafua na saratani. Waliyapanga magonjwa katika makundi kufuata tiba inayohitajika na siku za kulazwa. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa kuzipa hospitali kioo cha kujitazama.

Serikali ikakigeuza kioo kuwa mizani ya fedha. Mwaka 1983 Medicare, bima ya umma ya wazee iliyoundwa mwaka 1965, ilipitisha malipo kwa makundi hayo. Kabla ya hapo ililipa gharama zilizotumika: siku zikizidi, malipo nayo yanazidi. Tangu hapo nyonga iliyovunjika ikawa na bei yake, mgonjwa alale siku nne au alale tisa. Siku ya ziada, iliyokuwa mapato, ikawa hasara. Wakuu wa hospitali waliokuwa hawajawahi kuuliza kwa nini mgonjwa anachelewa kutoka walianza kuuliza kila asubuhi, na swali hilo halijakoma hata leo. Ndilo linalomfanya mwanafunzi asimame na saa yake kando ya kitanda namba 12.

Lakini haraka nayo ina gharama yake. Kuanzia Oktoba 2012 Medicare ilianza kuzikata fedha hospitali ambazo wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo, moyo kushindwa na nimonia hurudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Kwa hiyo mwanafunzi anayejigamba kwamba amepunguza saa za kuondoka, na hakuhesabu wangapi wamerudi, ameleta nusu ya hesabu. Msimamizi mwenye uzoefu ataulizia nusu nyingine kabla hata hajakaa vizuri kitini.

Ernest Codman angeiuliza pia, na kwa ukali. Mpasuaji huyu wa Boston alikuwa na fikra moja iliyomgharimu kazi: kila mgonjwa afuatiliwe baada ya kuondoka, ijulikane tiba ilimfaa au haikumfaa, na kama haikumfaa, ijulikane kwa nini. Alimwandikia kila mgonjwa kadi. Aligombana na utaratibu wa Massachusetts General Hospital wa kupandisha wapasuaji vyeo kwa ukongwe badala ya matokeo, akajiuzulu mwaka 1914. Januari 1915, katika mkutano wa madaktari mjini Boston, alifunua mchoro mkubwa wa mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu. Mbuni alikuwa matajiri wa mtaa wa Back Bay, na waliokuwa wakiokota mayai walijitambua. Harvard, alikokuwa akifundisha, haikumchekea.

Katika hospitali yake ndogo Codman alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 walioondoka kati ya 1911 na 1916, na ndani yake makosa 123, yakiwemo yake mwenyewe. Alizipelekea hospitali nyingine nakala, zifanye vivyo hivyo. Ni rahisi kukisia zilijibu nini. Hata hivyo kamati ya viwango ya chama cha wapasuaji ilikuwa imeanza chini ya uenyekiti wake, na ukaguzi ule wa hospitali 692 ulitokana na fikra zake. Alifariki mwaka 1940 akazikwa bila jiwe la kaburi. Jiwe liliwekwa mwaka 2014 na watu wa fani iliyomkataa.

Wanafunzi wachache humsikia Codman kabla ya kuanza mafunzo yao. Ni hasara, maana wangemkuta mtu aliyeelewa kwamba kuhesabu hospitalini ni jambo la kisiasa. Idadi yoyote inayotoka wodini ina mtu nyuma yake ambaye itamfurahisha au itamkera, na kijana wa miaka 24 mwenye kitambulisho cha muda hana budi kujua ni nani kabla ya kuionyesha mbele ya kikao. Ustadi huu haufundishwi kwa slaidi. Unafundishwa na muuguzi mkuu anayemvuta pembeni na kumwambia, kwa upole, amwonyeshe yeye kwanza.

Liko eneo moja ambapo mwanafunzi anayejua Kiswahili huingizwa kwenye kazi bila kuombwa ruhusa. Katika miji kadhaa ya Marekani, Lexington ya Kentucky ukiwa mmoja, wameletwa wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho wanachokuja nacho kliniki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazitaka taasisi zinazopokea fedha za shirikisho zisimbague mtu kwa asili yake, na hilo linajumuisha kumwelewesha kwa lugha anayoijua. Sheria ya afya ya 2010 ikaongeza uzito, na kanuni zake za 2016 zikakataza kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Kabla ya hapo, na bado mahali pengine, binti wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyemweleza mama yake majibu ya kipimo cha kizazi.

Basi mama amefika, mkalimani wa simu yuko kwenye foleni, na mtu anakumbuka: si yupo yule mwanafunzi wa utawala, wazazi wake wametoka Kigoma? Anaitwa. Shikamoo yake inaipooza hofu chumbani kote, na mama anashusha pumzi kwa kusikia marahaba ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Kusalimia ni halali na ni utu. Kutafsiri maelezo ya upasuaji si halali, kwa kuwa kanuni inataka mkalimani aliyehitimu, na mwanafunzi anayejua kusema "kibofu" huenda asijue kuieleza fomu ya ridhaa. Anayejua kazi yake atakaa na mama mpaka mkalimani apatikane kwenye skrini, kisha arudi ofisini akahesabu jambo ambalo yeye yuko mahali pazuri pa kulihesabu: mgonjwa wa Kiswahili anangoja mkalimani dakika ngapi zaidi ya wa Kihispania, na je, barua za miadi zinazotumwa nyumbani ziko kwa lugha gani. Wasiokuja kliniki, wale wa kwenye jedwali lake la kwanza, pengine hawakuweza kuisoma barua.

Linabaki suala ambalo vyuo hulizungumza kwa sauti ndogo: malipo. Zipo hospitali zinazomlipa mwanafunzi kwa saa, zipo zinazompa posho, na zipo zisizompa kitu zaidi ya kuegesha gari bure. Kodi ya chumba cha majira ya joto Boston au San Francisco haijali kama mtu anajifunza. Mafunzo yasiyolipwa yana mtihani wa kuingia usioandikwa popote, nao ni uwezo wa wazazi, na matokeo yake yanaonekana miaka ishirini baadaye ukizitazama picha za wakurugenzi ukutani. Wakuu wa hospitali Weusi walianzisha chama chao mwaka 1968 kwa sababu ya picha hizo. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 1994 chini ya mwavuli wa chama cha hospitali cha Marekani ilikwenda moja kwa moja kwenye kiini: ikaandaa programu ya kuwapeleka wanafunzi wa uzamili wa jamii zilizoachwa nyuma hospitalini kwa wiki 10, kwa malipo. Hotuba kuhusu usawa zimekuwa nyingi kuliko nafasi za aina hiyo.

Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa, mengi ya haya yanaweza kusikika kama mambo ya nchi ya mbali yenye bima za ajabu. Umbali huo unapungua. Tanzania ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya iliiweka kando NHIF, mfuko wake wa zamani wa bima ya hospitali, na kuanza na Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Mlipaji akishakuwa mmoja mkubwa, fomu ndiyo inayoamua hospitali italipwa au haitalipwa, na katibu wa afya anayemsaidia mganga mfawidhi anajikuta akiuliza maswali ya mkurugenzi wa Marekani: dai lipi limerudishwa, kwa kukosa sahihi ya nani, na lilikaa mezani siku ngapi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe anayepangiwa hospitali ya mkoa anaweza kulichukua bunda moja la madai yaliyorudishwa akayafuata moja moja hadi kwenye chumba yalikoharibikia. Hahitaji kompyuta kwa hilo. Anahitaji mkuu wa kitengo atakayemruhusu, na viatu visivyomuumiza.

Agosti inapofika, mwanafunzi wa Marekani anapewa dakika ishirini mbele ya wakuu. Mkurugenzi wa fedha anauliza kiasi gani kitaokolewa, daktari mkuu anauliza wagonjwa walikuwa wangapi, muuguzi mkuu haulizi kitu kwa kuwa aliyaona yote wiki iliyopita. Mahali pengine pendekezo linaanza kutumika Jumatatu. Mahali pengine ripoti inawekwa kwenye folda ya pamoja, juu ya ripoti ya mwanafunzi wa mwaka jana yenye kichwa kilekile. Naye hana nafasi ya kusikitika sana. Nafasi za mwaka mmoja au miwili kwa wahitimu, zile zinazomweka kijana karibu na mkurugenzi mkuu, hufunga maombi Septemba na Oktoba, miezi mingi kabla hajahitimu. Barua zinaandikwa usiku, Agosti ileile, na msimamizi anaombwa barua ya kumdhamini kabla hajalisahau jina lake.